Bodi Tatu na Mguu wa Kushoto

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekupa nafasi. Mimi sijambo.

Mama amesema tukipigiana simu tena atatunyang'anya simu wote wawili, hata mimi niliye huku mbali. Anasema dakika tano za kwanza tunaongea kama watu wazima, ya sita tunazozana, ya saba mmoja anakata. Ameamuru tuandikiane. Nimeona ana haki. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, nami siwezi kukukatia.

Sasa kaa kitako kwanza. Nataka kurudi kwenye mapindu ya pikipiki za majini.

Najua utakavyosema. Nina miaka thelathini na mmoja, goti la kushoto linalia kama bawaba ya mlango, na kazi yangu ya kufundisha watu wazima kuogelea inanitosha kabisa. Lakini Baba, miaka kumi na miwili ni mingi ya kukaa na jambo rohoni. Kocha wangu wa zamani alipita hapa kazini mwezi jana, akaniona, akaita kwa sauti yake ile: "Breki! Breki wetu!" Wanafunzi wangu wakataka kujua kwa nini ninaitwa hivyo. Ikabidi niwaeleze kwamba nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuwa nikiendesha pikipiki ya majini ya kusimama, kwamba siku ya mashindano nilirusha pindu la nyuma, nikaogopa nikiwa juu, nikajizuia, pikipiki ikaniangukia na goti likavunjika. Kocha alisema nimepiga breki hewani, na jina likanasa. Walicheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani sikula.

Mashindano ya chama cha waendeshaji ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Sitaki kombe. Nataka nipige pindu moja la nyuma, zima, nishuke nimesimama, mbele ya wale wale waliokuwepo. Nikishaliona hilo nitawaachia ziwa lao.

Injini ninayo, nzuri, nimeinunua ikiwa ndani ya bodi yake ya kiwandani. Bodi yenyewe, yaani gamba zima la pikipiki, ni nzito kama kabati la nguo na haifai kwa mapindu. Ninataka kuihamishia injini kwenye bodi iliyotengenezwa kwa mkono wa fundi, na zipo tatu zilizotumika ambazo wenyewe wananiruhusu nizijaribu. Waendeshaji wamezipa majina. Kisu ni nyembamba, kaboni tupu, watu wawili wanaibeba huku wanapiga soga. Kijiko pua yake imepinda kwenda juu. Sahani ni pana, bapa, ya faiba, nzito kuliko wenzake. Hakuna anayezijua bodi kama wewe uliyekuwa ukizitengeneza. Nilinganishie.

Nisalimie Mama. Mwambie hatujagombana bado.

Mwanao,
Breki


19 Machi

Mwanangu Breki,

Marahaba. Kikohozi kipo, tumezoeana. Mama yako amesoma barua yako kabla yangu, akanisomea kwa sauti, halafu akanipa kalamu na kusimama nyuma ya kiti kama msimamizi wa mtihani.

Sikatai na sisemi ndiyo. Umeniuliza habari za bodi, nitakujibu habari za bodi.

Kwanza futa kichwani kwamba bodi nyepesi ndiyo bodi nzuri. Hao vijana wa siku hizi wakiikuta bodi ina gramu mia zaidi wanashika tama. Bodi ni uwiano. Angalia uzito umekaa wapi, injini imesogezwa mbele au nyuma, sakafu unayosimamia ni pana kiasi gani, na pua inaingiaje majini.

Kisu naifahamu, nilimfahamu hata aliyeitengeneza. Ni bodi ya mtu mwepesi mwenye hasira. Ubavu wake mwembamba unafaa kwa pindu la ubavuni, unazunguka kabla hujamaliza kufikiri. Lakini simama juu yake pikipiki ikiwa imetulia uone, utapiga mbizi bila kutaka. Kaboni nayo haina huruma. Faiba ikiumia inakuonyesha mstari mweupe wiki nzima kabla ya kukatika. Kaboni inakaa kimya, siku ikichoka inapasuka mara moja.

Kijiko. Watu wanaisifu kwa ile pua. Ni kweli inapanda upesi, unagusa tu gesi kuongeza kasi, imeshatazama mawingu. Lakini pua kama hiyo inashuka upesi vilevile. Ukichelewa kidogo tu inakulalia. Ningekuwa wewe nisingeigusa.

Sahani ni pana, inakaa majini kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Itakuomba gesi zaidi ili inyanyuke, lakini ukishuka vibaya haikutupi. Mtu mwenye historia yako anataka bodi ya kumvumilia. Chukua Sahani.

Mimi siku hizi ni matangi ya maji na mabeseni ya kuogea. Faiba ni ile ile, ila hakuna anayepiga pindu ndani ya beseni.

Mama yako anasema ule vizuri na uangalie goti.

Baba yako


2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimezijaribu zote tatu. Nimetumia wikiendi sita, na viganja vyangu vimekuwa kama msasa wako.

Kisu ulisema kweli. Nilianguka mara kumi na nne siku ya kwanza, na mara ya mwisho nilikuwa nimesimama tu, nasubiri mtu mmoja apite.

Sahani pia umeieleza sawasawa. Ni bodi mpole. Unashuka vibaya, inakungoja. Ila naona kama inanivuta chini. Nikiinyanyua inafika mahali inakuwa nzito kichwani, lazima niivute kwa mikono, na pindu la nyuma halitaki mtu wa kuvutana.

Kijiko, Baba, nasikitika kukwambia, tumependana. Sijui kwa nini uliiponda hivyo. Inanyanyuka yenyewe, na juu inakaa kidogo, yaani kuna kitambo cha kupumua. Hiyo hatari ya kulaliwa sikuiona. Nimepiga mapindu ya ubavuni manne mfululizo nikashuka nimesimama, na mwenye bodi akapiga honi ya gari lake.

Pindu la nyuma ni jambo jingine. Nafika nusu, ulimwengu umeshapinduka, halafu mikono inaachia yenyewe. Kila mara. Naanguka chali mbali na pikipiki kama mtu aliyefukuzwa. Kocha alikuwa gatini Jumapili akasema, "Breki bado anafanya kazi," bila ubaya, unamjua alivyo.

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike leo. Nitengenezee wewe. Usinicheke. Kalibu zako za kufinyangia bodi bado zipo, Mama ameniambia zimefunikwa turubai nyuma ya karakana. Chukua pua ya Kijiko na upana wa Sahani, na mikono yako. Nadhani nikiwa juu ya kazi yako sitaachia. Muda upo, miezi mitatu.

Nimekuwekea karatasi ya miguu yangu, najua ungeidai kabla ya kitu chochote. Nimesimama na viatu vya majini, jirani akanichorea kwa penseli, wa kushoto na wa kulia. Vishikio vya miguu utavipatia hapo.

Mwanao,
Breki


20 Mei

Mwanangu,

Barua nimeipata na karatasi nimeiona.

Siwezi kukutengenezea bodi. Mikono imechoka, kifua hakitaki tena moshi wa gundi, na kalibu zimeingiwa na maji. Umri nao umekwenda.

Nunua Sahani. Usiichukue Kijiko. Kama hutaki Sahani, basi kaa na wanafunzi wako wa kuogelea, ni kazi ya heshima.

Mama yako hajambo.

Baba yako


9 Juni

Baba,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kwa sababu ni fupi. Nilimpigia Mama (amri yake inatuhusu mimi na wewe tu), nikamuuliza kama unaumwa. Akasema asubuhi ile ile uliyoniandikia ulikuwa umepakia matangi mawili kwenye lori peke yako, ukipiga mluzi. Akasema kalibu ni kavu, huwa unazifuta vumbi kila mwezi.

Basi nimeelewa. Ningependa tu ungelisema mwenyewe.

Hutaki jina lako likae kwenye bodi nitakayoiachia hewani. Nilikuaibisha mara moja mbele ya mafundi wote na wanunuzi wote, ukaacha kutengeneza bodi za mapindu ukaingia kwenye matangi. Mama husema uliacha kwa sababu ya soko. Mimi nilijua tangu zamani kwamba uliacha kwa sababu yangu. Sikuwahi kukuuliza, na wewe kila ukiniita Breki ulikuwa ukicheka, nikajiambia kwamba mtu akicheka amekwisha kusahau.

Sikulaumu. Ningekuwa fundi ningefanya hivyo hivyo. Acha nikueleze siku ile ilivyokuwa kwa upande wangu, maana hatujawahi kuizungumza. Niliruka vizuri. Kasi ilikuwepo, wimbi lilikuwa zuri. Nilipokuwa juu nikahisi mguu wa kushoto unakataa. Sijui niseme vipi, ulikataa tu. Nikatazama chini kuuangalia, na ukitazama chini pindu limekwisha, wewe ndiye uliyenifundisha hilo. Kocha alieleza baadaye kwamba ndivyo woga unavyokuja, mwili unaogopa kwanza na kichwa kinafuata. Nimeishi na maneno hayo. Niliacha chuo kwa sababu ya hayo, maana kila mtihani nilihisi mguu umekataa. Yule aliyetaka kunioa nilimwambia asubiri, nikamwambia asubiri, mpaka akaoa kwingine. Mtu akishajua kwamba ni mwoga, Baba, anajitazama chini kila saa.

Nitanunua Sahani, kama ulivyosema. Wewe ndiye unayejua bodi, na unanijua mimi pia. Bodi ya mtu wa kuvumiliwa.

Mwanao,
Breki


27 Julai

Mwanangu mpenzi,

Barua hii nimeianza tangu Juni. Nimeichana mara tano. Mama yako anadhani ninaandika mahesabu ya mabeseni.

Hukuniaibisha. Sikuacha bodi kwa sababu yako kwa namna unayofikiri. Soma mpaka mwisho, halafu ufanye utakalo.

Unakumbuka sheria ya karakana yangu. Hakuna kishikio cha mguu kinachotengenezwa bila mteja kusimama juu ya karatasi, awe bingwa au mjinga, hata kama nilimpima mwaka uliopita. Kishikio ni kile kitao cha faiba kinachoushika mguu kwa juu ili pikipiki isikuache ukiwa kichwa chini. Kikilegea unaanguka. Kikibana mguu hauingii wote, na ukitaka kutoka hautoki. Nimewafukuza watu wazima waliokataa kuvua soksi zao. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Wewe sikukupima.

Nilikuwa na karatasi yako ya ulipokuwa na miaka kumi na tano. Niliibandika ukutani juu ya meza ya kazi, nikawa naipenda, ile miguu midogo. Nilipotengeneza bodi ya mashindano ulikuwa mbali chuoni, muda ulikuwa mfupi, nikasema huyu ni mwanangu, mguu wake nitaukosea vipi? Nikaongeza nusu kidole kwa kukadiria. Ulifika Alhamisi ukaijaribu kidogo jioni, ukaniambia, "Baba, cha kushoto kinabana." Labda umesahau. Mimi nilikujibu kwamba kinatakiwa kibane, na kwamba kitalegea.

Jumamosi mguu wako uliingia nusu. Ulipofika juu haukuwa umekaa, na ulipotaka kuutoa haukutoka. Ndiyo maana uliuhisi unakataa. Ulikuwa unakwambia kweli, ukautazama, na mtu yeyote angeutazama. Pikipiki ikaanguka ikiwa bado imeushika, ikalizungusha goti.

Haya siyabahatishi. Kesho yake pikipiki iliporudishwa karakana nilichukua kiatu chako kutoka kwenye mfuko wa hospitali, nikakisukuma ndani ya kishikio. Kiliingia mpaka katikati kikagoma. Kukitoa nilitumia mikono miwili na goti. Nikaketi sakafuni. Halafu nikainuka, nikawasha grenda, nikakikata kishikio chote, nikajenga kingine cha saizi yako, nikakipiga msasa na rangi ile ile. Mkaguzi wa chama alikuja siku ya tatu. Aliingiza mguu wake mwenyewe akasema kazi safi. Akaandika kwamba kosa lilikuwa la mwendeshaji.

Baada ya hapo sikuweza kukata faiba ya bodi tena. Kila nilipomsimamisha mteja kwenye karatasi niliweka penseli chini, nikamwambia arudi kesho. Nikaenda kwenye matangi. Tangi halina mguu wa mtu.

Na kuna jingine. Kuhusu zile bodi tatu nilikudanganya. Kijiko ndiyo bodi yako. Pua ile haimlalii mtu. Ni umbo zuri kuliko lolote nililolitengeneza mimi, na kile kitambo cha kupumua ulichokihisi ndicho fundi wake alichokitafuta. Nilipoona unataka kweli kurudi niliingiwa na hofu, nikakusukumia Sahani kwa kuwa haipandi sana. Nilisema uongo juu ya kazi ya fundi mwenzangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Ulipoleta karatasi yako mpya niliiweka juu ya ile ya zamani. Tofauti ni upana wa kidole gumba.

Ikiwa hujanunua, chukua Kijiko. Pima vishikio upya. Ukiwa juu, usitazame chini.

Baba yako


11 Agosti

Baba,

Barua yako imefika Jumatano. Mashindano yalikuwa Jumamosi iliyotangulia.

Nilishiriki na Sahani. Mapindu mawili ya ubavuni yalitoka vizuri, watu wakanipigia makofi. Nikazunguka ziwani kujiandaa kwa pindu la nyuma. Nilifungua gesi yote. Ilipanda mpaka nusu, ikawa nzito kichwani kama kawaida yake, nami nikaachia. Nilipoibuka walikuwa wanaimba, "Breki! Breki!" Walikuwa wananipenda, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kocha alinifunika taulo akasema, "Si kila mtu ameumbiwa kwenda juu, mwanangu." Nikamwambia ni kweli. Siku ya pili niliiuza Sahani pale pale gatini, na injini ndani yake. Nikajisikia mwepesi. Nilidhani hatimaye nimejikubali nilivyo.

Halafu ikaja Jumatano.

Nilikwenda kwa mwenye Kijiko, sijui nilitaka nini. Imeuzwa, imepelekwa mbali.

Kuhusu mguu nitakusamehe siku moja, naona hivyo. Ulikuwa baba anayemjua mwanawe, ukakosea kwa kidole. Nakumbuka nilisema kinabana. Nilikuwa nimesahau kabisa, na nilipoisoma nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Lakini grenda, Baba? Mkaguzi alipoweka mguu wake mle, wewe ulikuwa umesimama wapi? Uliweka mikono yako wapi?

Ungeniambia pale kitandani ningelia siku moja, labda mbili. Nisingekuwa bingwa, pengine. Ningekuwa mtu aliyevunjika goti, basi. Goti limepona tangu zamani.

Na simu unayo. Tarehe ishirini na saba Julai ungeweza kuipiga. Mama alituamuru tuandikiane ili tusigombane, wewe ukaigeuza amri yake kuwa mahali pa kujifichia. Uliandika, ukabandika stempu, ukajua itachukua siku ngapi. Wewe ni mtu wa vipimo.

Nina mambo mawili. La kwanza, nenda kwa Kocha na hao wengine, uwaambie kwa mdomo wako. Usiwaandikie. La pili, nieleze kwa nini. Usinieleze habari za wanunuzi na jina la karakana, hizo ningeweza kuzibuni mwenyewe. Nataka ile yenyewe.

Mwanao


30 Agosti

Mwanangu,

Nimekwenda Jumapili. Nilipanda basi la asubuhi. Mama yako nilimweleza usiku wa kuamkia siku hiyo, naye hajazungumza nami tangu hapo, isipokuwa kunijulisha kwamba chakula kipo mezani.

Gatini palikuwa na watu kama kumi na watatu. Watano walikuwepo siku ile. Wengine siku hizo walikuwa bado wanafundishwa kutembea. Waliniletea kiti, nikakataa. Niliwaambia kama nilivyokuandikia wewe, karatasi, kidole, kiatu, grenda, sikuruka kitu. Mmoja wa vijana alicheka, akidhani kuna kichekesho mwishoni. Wawili katikati ya maneno yangu waliitwa wakashushe pikipiki majini, wakaenda. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Wengi walitikisa kichwa wakasema, "Pole, mzee, hayo ni ya zamani." Sikujiandaa kwa hilo. Jambo lililokula miaka yako kumi na miwili, wao walilimaliza kabla soda hazijapoa.

Kocha alijitenga nao. Aliketi kwenye ngazi ya kushushia, miguu majini, viatu vyake vikiwa miguuni. Baadaye akaniambia, "Mzee, nimemwita binti yako jina lile muda wote huo." Nikamwambia, "Na mimi." Akaniuliza anwani yako. Nimempa. Kama nimekosea, nigombeze.

Sasa la pili. Nimelifikiria kwenye basi kwenda na kurudi, nikitaka nikupe kile ulichokitaka na si kile kinachonipendeza.

Uliniuliza nilisimama wapi mkaguzi alipoingiza mguu. Nilisimama karibu na ukuta, mgongo wangu umeifunika ile karatasi yako ya zamani, asiione. Mikono nilikuwa nimeifunga kifuani. Alipoandika kwamba kosa ni la mwendeshaji nilihisi mzigo unanishuka mabegani. Nilifurahi, mwanangu. Sikufurahi kwa kuwa umeumia, lakini nilifurahi. Nikamchemshia chai. Nilitembea kwa miguu kutoka karakana mpaka hospitali, njia nzima nikijiambia kwamba nitakuambia wewe peke yako, chama hakina haja ya kujua. Nilikuwa nimeamua kabisa. Nilikuwa na maneno tayari.

Hutakumbuka, kwa sababu walikuwa wamekupa dawa za maumivu na ulikuwa unalala na kuamka. Niliketi kwenye kiti cha upande wa dirisha. Ulifungua macho, ukanitambua, na kabla sijafungua mdomo ukaanza kulia. Ukasema, "Nisamehe, Baba. Nimekuvunjia bodi yako."

Nami nilikushika mkono, nikakwambia nimekusamehe.

Baba yako